Kiapo cha Subira

Zile kurasa nilizichapa mwenyewe, kwa mashine yangu na wino wangu, kwa hiyo asije mtu akaniambia hazikuwepo.

Jina langu ni Safina. Nina duka dogo la steshenari Likombe, hapa Mtwara mjini, kando ya njia wanayopita wanafunzi. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti. Mwezi wa pili mwaka jana, kama saa nne asubuhi, aliingia mama mmoja na mabinti wawili waliovaa sare za shule. Mama nilimjua kwa sura. Alikuwa Subira Mnali wa kijiji cha Msimbati, anayevua pweza miambani maji yakitoka na kuja kuwauza mjini. Binti mmoja alikuwa wake, Saumu, miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Wa pili aliitwa Claudia, umri uleule, ambaye wazazi wake wanalima karibu na mto Ruvuma. Ni watu waliovuka kutoka Msumbiji tangu enzi za babu yao. Wasichana hao walipangishiwa chumba kimoja hapa Likombe ili wawe karibu na shule.

"Dada, kwenye simu ya huyu mtoto kuna picha," Subira aliniambia baada ya salamu. "Nataka zitoke kwenye karatasi, zote. Na mtu mwingine asizione."

Simu ilikuwa ya Claudia, lakini picha zilionyesha skrini ya simu nyingine, ya Saumu. Claudia ndiye aliyenieleza kwa nini. Walikuwa wakitumia Pazia, programu ya kutumiana meseji. Meseji za Pazia hufungwa tangu zinapotoka kwa anayetuma mpaka zimfikie anayepokea, na mtu wa katikati hawezi kuzisoma, hata wenye programu yenyewe. Halafu baada ya siku moja hufutika. Ukiipiga picha skrini kwa simu hiyohiyo, aliyekuandikia anaarifiwa. Kwa hiyo kila siku wakitoka shule Saumu alikuwa akilaza simu yake mezani, Claudia anaipiga picha kwa simu yake.

"Nani aliwafundisha?" niliuliza.

"Hakuna, anti," Claudia alijibu. "Tuliona tu kwamba zikifutika, sisi ndio tutakuwa waongo."

Nikaanza kuchapa. Zilitoka kurasa kumi na nne. Sikutaka kusoma ya watu, lakini anayechapa lazima atazame kama maandishi yametokea, na niliyoyaona yalinitosha. Kulikuwa na mwanaume aliyejiita Fredi, aliyedai anatafuta vijana wa kupelekwa mafunzo ya usalama kwenye mitambo ya gesi kule Madimba. Ilikuja kujulikana kwamba hakuwa mfanyakazi wa kampuni yoyote, lakini mtoto angejuaje? Mwanzoni alikuwa mtu wa heshima. Aliuliza masomo, akauliza umri, akajibiwa waziwazi: kumi na sita. Kufika ukurasa wa tano alikuwa anaomba picha ambazo mtu mzima hapaswi kumwomba mtoto. Saumu akakataa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Kisha vikaja vitisho, kwamba atatengeneza picha za uongo zenye sura yake na kuzisambaza shule nzima. Karibu na mwisho alimpangia siku na nyumba ya wageni, akamwamuru aje peke yake.

"Ulikwenda?" Subira alimuuliza mwanawe palepale dukani. Karatasi mkononi mwake zilikuwa bado na joto la mashine.

"Tulifika karibu na geti, mimi na Claudia. Tukaona gari lake, tukapiga picha namba, tukarudi."

"Kwa nini hukuniambia tangu siku ya kwanza?"

Saumu alitazama sakafu. "Simu ya nyumbani anashika mjomba, mama. Meseji ikiingia anaisoma kwa sauti barazani, watu wote wanasikia. Ningekuandikia nini?"

Subira alizigonga zile karatasi mezani kuzilinganisha kingo, akazigonga tena, na mimi nikajifanya nashughulika na mashine ili nisimtazame machoni.

Nilimpa ushauri mmoja. Nilitoa nakala ya pili ya kurasa zote, nikamwambia akifika polisi asiondoke mpaka ukurasa wa kwanza wa nakala yake umegongwa muhuri, umeandikwa tarehe, jina la aliyepokea na idadi ya kurasa. Nimefanya kazi ya karatasi miaka kumi na moja. Karatasi isiyo na muhuri kila mtu anaweza kuikana.

Wakaenda. Kituo sitakitaja. Askari wa dawati la jinsia alizipokea, akazisoma mpaka mwisho, akagonga muhuri na kusaini. Aliandika: "Nimepokea kurasa 14." Akamwambia Subira kwamba ushahidi huo ni mzito, sasa awaachie wao kazi.

Basi akawaachia. Kila wiki alipokuja mjini alikuwa anaiacha ndoo yake ya pweza dukani kwangu, anakwenda kituoni kwanza, ndipo aende sokoni. Mara faili liko kwa mkubwa. Mara mkubwa yuko safarini. Mara mpelelezi amehamishwa na aliyeshika nafasi yake bado anayapitia mafaili. Nilikuwa nikimwona akirudi najua jibu kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyokuwa akiinyanyua ile ndoo.

Fredi naye hakujificha. Mwezi wa tano nilimwona kwa macho yangu, ameegesha gari mkabala na shule, amekaa anakunywa dafu kama mtu aliyekuja kumsubiri mtoto wake. Namba ya gari ilikuwa ileile iliyokuwa kwenye ukurasa wa kumi na nne.

Mwezi wa sita ndipo Subira alipoitwa ofisini na Happiness, afisa ustawi wa jamii. Alikuwa dada mdogo, mchapakazi, na sisi wote tulimpenda kwa sababu aliwahi kuwarudisha shuleni mabinti wawili waliokuwa wameozeshwa. Alimwambia Subira kwamba wamekuja wanasheria wa serikali kutoka makao makuu. Wanashughulikia usalama wa watoto mtandaoni, na wameguswa na jambo la Saumu.

Subira alifurahi mpaka akanipa pweza mzima bila kunipa nafasi ya kukataa. Alivaa khanga mpya, akaenda. Walimkalisha kwenye kiti kizuri, wakampa soda, wakamsikiliza saa nzima huku mmoja anaandika. Kesho yake akaitwa kusaini hati ya kurasa nne iliyoandikwa kwa Kiingereza.

"Inasema nini?" aliuliza.

"Ni yaleyale uliyotueleza jana, mama," alijibiwa. "Ni ya kusukuma mambo ya mwanao."

Akasaini kila ukurasa alipoonyeshwa kidole. Nakala yake akaitia kwenye bahasha, akaiweka sandukuni, akasubiri Fredi akamatwe.

Kilichofuata alikisikia redioni. Ilikuwa mwezi wa saba, mchana, yuko kwake Msimbati anawatwanga pweza ili walainike. Taarifa ya habari ikasema serikali imekwenda mahakamani dhidi ya wenye Pazia. Inaomba amri kwamba meseji za watumiaji wote walio chini ya miaka kumi na nane zisifungwe tena, ili ziweze kusomwa pale vyombo vya dola vitakapohitaji. Au vinginevyo watoto wazuiwe kabisa kuitumia. Mtangazaji akaeleza kwamba kesi imefunguliwa Mtwara kwa kuwa mfano mkuu umetoka huku. Kuna mama, mvuvi wa pweza wa Msimbati, ambaye binti yake wa kidato cha tatu anayeishi chumba cha kupanga Likombe alirubuniwa na mtu mwovu. Mtu huyo, akasema, hajakamatwa mpaka leo kwa sababu meseji zake zilifungwa na hakuna aliyeweza kuzisoma.

Walificha jina wakaacha kila kitu kingine. Wanawake wa Msimbati wanaovua pweza na wenye binti kidato cha tatu mjini ni wangapi? Kabla ya alasiri mjomba mtu alikuwa ameshaambiwa na majirani. Siku ya pili darasani kwa Saumu walikuwa wanajua, na wasiojua walikuwa wanaongeza ya kwao. Kwamba alirubuniwa, basi alikwenda. Kwamba alikwenda, basi kuna picha. Mtoto aliyekataa mara sita kwa maandishi akawa sasa ndiye wa kunyooshewa kidole chooni. Akafunga begi, akarudi kwa mama yake, akakaa huko wiki mbili bila kufungua daftari, ndipo akarejea darasani.

Subira alikuja dukani na ile bahasha. Hakuleta ndoo siku hiyo.

"Soma," aliniambia. "Usiniruke hata neno moja."

Nilimsomea kwa kutafsiri, kuanzia kichwa kilichosema ni kiapo, kisha aya kwa aya. Mpaka aya ya nane yote yalikuwa kweli: jina lake, kazi yake, umri wa mtoto, Fredi, vitisho. Nikafika aya ya tisa. Ilisema kwamba meseji alizotumiwa binti yake hazikuweza kupatikana kwa namna yoyote kutokana na teknolojia hiyo, na kwamba hiyo ndiyo sababu pekee iliyokwamisha upelelezi. Aya ya kumi ilisema kwamba yeye, kama mzazi, anaiomba mahakama iuondoe usiri huo kwa watoto wote nchini.

Niliirudia ya tisa bila kuombwa, maana na mimi sikuamini macho yangu.

"Hazikuweza kupatikana," Subira alisema.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na chini yake ni sahihi yangu."

"Ndiyo, mama Saumu."

"Kwa hiyo nimeapa." Alikaa kwenye kiti cha wateja wa picha. "Nimemwapia Mungu kwa uongo, Safina. Mimi, ambaye hata pweza aliyelala sijawahi kumuuza kama wa leo."

Nataka nieleweke. Mimi si mpenzi wa hizi programu. Nina binti wa miaka kumi na miwili, na kama serikali ingekuja ikasema, wazazi, tusaidiane, hizi simu zinatutisha, ningekaa nikasikiliza. Huenda hata ningekubali nusu yake. Lakini wao walikuwa na meseji zenyewe. Walikuwa nazo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, zimegongwa muhuri wa serikali hiyohiyo, na mtu aliyeziandika alikuwa anakunywa dafu mbele ya shule. Hawakukosa cha kusoma. Walikosa mtu wa kunyanyuka kitini. Na badala ya kumnyanyua huyo mtu, wakachukua uzembe wake, wakautundika shingoni kwa mama anayevua pweza, wakamwapisha.

Nilifunga duka tukaenda kwa Happiness. Tulimkuta ofisini peke yake. Subira aliweka hati mezani na juu yake akaweka ule ukurasa wenye muhuri.

"Mwanangu, hii ya juu unaifahamu?"

Happiness aliisoma. Aliisoma tena, na nikaona uso wake umebadilika.

"Hii sikuwahi kuonyeshwa, mama."

"Niliwaambia siku ile. Nilisema kurasa ziko polisi. Ulikuwepo."

"Ulisema," alikiri. "Nilidhani wameuliza huko polisi. Nilidhani wamejibiwa kwamba hazifai."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza." Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejitetea kwa mkubwa wake, "Lakini mama, elewa na upande wao. Hii amri ikipatikana itawasaidia watoto wengi. Kuna watoto ambao hawana Claudia wa kuwapigia picha."

Hilo lilikuwa neno la kweli, na Subira hakulikataa. "Inawezekana," alisema. "Basi waende kwa mama wa mtoto huyo wakaombe kiapo chake. Wangu mimi warudishe. Na huyu mmoja niliye naye, nani anamsaidia?"

Happiness alifanya jambo moja ambalo namheshimu kwalo mpaka leo. Alichukua kalamu akatuandikia namba ya wakili Isihaka, wa shirika la msaada wa sheria, akasema, "Msiseme nimewatuma. Au semeni, potelea mbali."

Isihaka alikuwa mtu mfupi, mwenye kusikiliza huku amefumba macho hadi unadhani amelala. Tulipomaliza alifumbua akauliza kitu kimoja tu: kama nakala yenye muhuri ni halisi, si kopi ya kopi. Subira akampa. Akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaona wino wa bluu umepenya upande wa pili.

"Mama, tutaomba hiki kiapo kiondolewe kwenye kesi," alisema. "Lakini nikuonye. Watakuja watu wa upande wa pili wakukumbatie, nao si ndugu zako."

Na kweli walikuja. Siku ya kesi, kwenye korido ya mahakama, mwanamke mwenye suti ya kijivu alimfuata Subira akamshika mikono yote miwili. Alikuwa wakili wa kampuni ya Pazia, amesafiri kutoka Dar es Salaam. Akamwambia amefurahi sana kukutana naye, kwamba yeye ni shujaa, kwamba wangependa awe shahidi wao aeleze jinsi Pazia ilivyomlinda binti yake.

Subira aliitoa mikono yake taratibu. "Mwanangu alibonyeza kile kidude chenu cha kulalamikia mtu. Alibonyeza mara tatu. Safina, alijibiwa nini?"

"Asante kwa maoni yako," nilisema, kwa sababu ilikuwa kwenye ukurasa wa kumi na moja, nimeichapa.

"Asante kwa maoni yako," Subira alirudia. "Na Fredi akaendelea kumwandikia kwenu humohumo. Nyinyi mlitengeneza mlango mkasahau kwamba hata mwizi anapita mlangoni. Niache, mama. Nimekuja kwa jambo langu."

Ndani, jaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Isihaka alieleza maombi yetu. Wakili wa serikali, kijana mpole, alisimama akasema anamheshimu sana mama huyu, lakini huenda kuna kutoelewana kidogo kuhusu maneno ya kitaalamu, na huenda kwa msongo aliokuwa nao amesahau alichosema. Jaji akamtazama Subira juu ya miwani, akamwita mbele.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa. Maneno si yangu."

"Ulisomewa kabla ya kusaini?"

"Niliambiwa ni ya kusukuma kesi ya mwanangu. Nilimaliza darasa la saba, Kiswahili nakisoma. Wangeandika Kiswahili nisingesaini."

"Wakili anasema huenda umesahau."

Subira aligeuka akamtazama yule kijana. Hakupaza sauti. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na nilimsikia kila neno.

"Mwanangu, mimi nilikaa kwenye benchi la kituo cha polisi mara kumi na tano. Nilikuwa naacha pweza waharibike. Nasahauje? Nimesahau siku niliyovaa khanga mpya nikaja kwenu kwa furaha? Mnasema mnataka kusoma meseji za watoto ili muwalinde. Za mwanangu niliwaletea mimi mwenyewe, bila kuvunja kufuli lolote. Mlizisoma? Mwambieni mheshimiwa hapa, mlizisoma? Na siri ya mwanangu mmeitoa redioni, kijiji kizima kinaijua, darasa zima linaijua. Fredi alimtisha kwamba atamwaibisha shule nzima. Hakuwahi. Mliomwaibisha ni nyinyi."

Yule kijana alikaa. Nadhani hakuwa yeye aliyeandika ile aya ya tisa, na nadhani hakuwahi kuuona ule muhuri kabla ya siku hiyo. Lakini alikuwa amesimama kuitetea, na mtu anayesimama kutetea jambo analibeba.

Jaji aliutazama ukurasa wenye muhuri kwa muda mrefu. Kisha akaamuru mambo mawili. Kiapo cha Subira kiondolewe kwenye kumbukumbu za kesi, na kila maelezo yanayoweza kumtambulisha mtoto yafichwe kuanzia hapo. Na upande wa serikali ulete ndani ya siku saba maelezo ya maandishi, zilipo kurasa kumi na nne.

Hazikuchukua siku saba. Zilionekana siku ya tatu, kituoni palepale, ndani ya faili la wizi wa betri za sola. Zote zilikuwepo, hata ukurasa wa namba ya gari. Fredi alikamatwa Ijumaa hiyo. Walimkuta nyumbani kwake, anajulikana na kila mtu mtaani; ilikuwa kazi ya dakika ishirini.

Kwenye kesi ya Fredi, mbele ya hakimu, mimi niliitwa kutoa kiapo changu, kueleza jinsi nilivyozichapa zile picha na kwamba sikubadilisha kitu. Karani aliniletea hati imeandikwa Kiswahili. Niliisoma mara mbili, nikamrudishia asahihishe tarehe, nikaisoma mara ya tatu ndipo nikasaini. Alinuna. Nikamwacha anune.

Saumu alitoa ushahidi wake faragha, bila watu. Mama yake alikaa nje ya mlango. Saumu alipotoka uso wake ulikuwa umetulia, akasema tu kwamba ameulizwa kwa nini hakumfungia Fredi asimwandikie tena, na amejibu kwamba angemfungia angehamia kwa msichana mwingine asiye na rafiki wa kupiga picha. Claudia aliulizwa kama yeye ni raia. Baba yake, mzee Ussene, alikuwa amesafiri kutoka kule mto Ruvuma na vyeti vyote kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu familia kama zao hutembea na vyeti hata kwenye harusi. Hakimu akamwambia wakili wa Fredi aulize la maana.

Mwezi wa pili mwaka huu Fredi alitiwa hatiani kwa makosa mawili, la kumwomba mtoto picha zile na la kumtisha. La tatu, la ile nyumba ya wageni, alichomoka, kwa kuwa mhudumu wa mapokezi hakutokea mahakamani. Alipewa miaka saba. Subira aliposikia alifumba macho, akasema alhamdulilahi mara moja, basi.

Ile kesi kubwa iliendelea bila yeye. Serikali ilipata viapo vingine kwingine, na siwezi kusema ni vya kweli au vya uongo, sikuviona. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana ilitolewa amri ya muda: mpaka hukumu itoke, watumiaji walio chini ya miaka kumi na nane meseji zao hazifungwi. Claudia aliniambia kundi lao la wasichana wa darasa bado lipo, lakini sasa wanatumiana vichekesho na maswali ya hesabu tu. Zamani humo ndimo walimokuwa wanaambizana ni mwalimu gani wa kukaa naye mbali, na ni gari gani la kutolipanda. Nilimuuliza siku hizi hayo wanayasemea wapi.

"Hatuyasemi, anti," alisema.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Fredi yuko gerezani kwa sababu wasichana wawili walikuwa na mahali pa kusemezana, wakawa na akili ya kuweka ushahidi. Polisi hawakumkamata mpaka walipoaibishwa. Na katika hao wote, walionyang'anywa kitu ni wale wasichana.

Siku ya hukumu ya Fredi tulitoka mahakamani tukakutana na Happiness ngazini. Siku hizi amehamishiwa ofisi nyingine, mbali, na hakusema kwa nini. Alimpa Subira mkono. Yule wakili kijana wa serikali alikuwa anapita na mafaili yake; alisimama akamsalimu Subira shikamoo.

"Marahaba, mwanangu."

"Umeona, mama. Sheria imefanya kazi."

"Ilikuwepo tangu mwezi wa pili mwaka jana," Subira alimjibu. "Sheria hii hii. Haikuhitajika nyingine."

Kijana akaendelea na safari yake. Nilimwambia Subira twende kwangu tule, nimepika mchuzi wa kisamvu. Akakataa. Bamvua, zile siku za maji kupwa sana, lilikuwa linaanza kesho yake, maji yangetoka mapema, na Saumu, aliyekuwa ametangulia nyumbani, alikuwa na mtihani Jumatatu anatakiwa akumbushwe kusoma. Mimi na Happiness tukamsindikiza mpaka kwenye gari la Msimbati, akapata kiti cha dirishani.